Yusuf Hakuzaliwa Akikataa Kula

Jumanne, tarehe 11 Februari. Garissa. Jua kali tangu saa tatu, upepo wa vumbi, stima imepotea mara mbili.

Tulirudi kutoka hospitali saa saba mchana. Nilinawa, nikaswali, nikajiambia nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Sasa adhana ya magharibi imeshapita na haijapoa. Naandika nayo hivyo hivyo.

Yusuf ni mdogo wangu. Ana miaka ishirini na sita. Alizaliwa na akili inayojifunza polepole: alitembea akiwa na miaka minne, anaongea kwa maneno machache, kusoma hajui. Hayo ndiyo asiyoyaweza, na kila ofisi niliyoingia wameniuliza hayo. Hakuna ofisi hata moja iliyoniuliza anaweza nini.

Basi nitasema hapa. Yusuf anamjua kila mbuzi wetu kwa sura na anajua mama yake ni yupi. Anaweza kunywesha mbuzi sitini asipoteze hata mmoja. Na alikuwa anaweza kutaja abtirsi, ile orodha ya mababa ambayo mtoto wa Kisomali hufundishwa: jina lako, la baba yako, la babu yako, unarudi nyuma hivyo hivyo. Wenzake waliijua kwa wiki chache. Yeye Aabo, baba yetu, alimfundisha miaka minne, kwenye birika la kunyweshea, wakati mwingine jina moja kwa msimu mzima. Akafika kumi. Wazee wa soko la mifugo wakimwona tu walikuwa wanamwuliza, "Yusuf, ina ayo?" yaani wewe mwana wa nani. Anasimama wima kama askari, anataja wote kumi, kisha ananyoosha mkono apewe chai. Asipopewa anaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka mtu aagize.

Tangu Novemba hajataja hata jina moja.

Anakula vijiko vitatu vya wali kwa siku. Siku nyingine ni chai peke yake. Suruali yake tunaifunga kwa kamba. Kwa mbuzi haendi tena. Anakaa langoni tangu alfajiri, na usingizi ukimshika mchana analala hapo hapo mchangani, mpaka mtu amhamishie kivulini.

Nimezunguka naye. Ofisi inayopima watoto wenye ulemavu walisema amepita umri, na tena kutokula ni ugonjwa, niende hospitali. Hospitali mara ya kwanza waliniambia kliniki ya akili ni ya wagonjwa, huyu ni mlemavu, nimpeleke ofisi ya walemavu. Ofisi ya walemavu walimpokea vizuri, wakajaza fomu ya kadi yake, wakanielekeza hospitali. Mara ya pili hospitali, daktari alikuwa kwenye semina. Jirani akasema nimpeleke Nairobi. Nikamwuliza Nairobi kwa nani. Hakujua.

Leo ilikuwa mara ya tatu. Adeer Hassan, ndugu yake Aabo, alikuja nasi kwa sababu Yusuf akigoma ndani ya tuktuk mimi peke yangu simwezi.

Daktari ni kijana, mgeni hapa, na hakuwa mkali. Alitukaribisha tukae. Upole wake ndio uliokuja kuniudhi baadaye, kwa sababu hata wa kugombana naye sikumpata.

Alimwuliza Yusuf maswali kwa Kiswahili, mimi nikayageuza kwa Kisomali. Leo ni siku gani? Gavana wetu ni nani? Mia toa saba ni ngapi? Yusuf alikuwa anaangalia feni ya darini. Daktari akaandika. Mimi nilikuwa natafsiri huku uso unaniwaka, maana maswali hayo yote Yusuf asingeyajibu hata siku ile aliyokuwa mzima kuliko siku zote za maisha yake. Daktari alikuwa anatafuta alichopoteza Yusuf mahali ambapo Yusuf hajawahi kuweka kitu.

"Dada, huyu amezaliwa hivi," daktari akasema. "Hizo ni tabia za hali yake. Hapa tunatibu ugonjwa."

"Ulemavu amezaliwa nao," nikamwambia. "Yusuf hakuzaliwa akikataa kula."

Nikamsogezea daftari. Nimekuwa nikiandika tangu Novemba, karibu kila siku, kwa mwandiko ambao hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuusoma. Aliligusa kwa kidole kimoja, akalirudisha upande wangu. Alisema foleni ni ndefu. Akaandika vidonge vya usingizi.

Nikamwambia usingizi ndio kitu pekee alichobaki nacho, analala mchana kutwa. Akasema basi vitamtuliza.

Atulie zaidi ya pale alipo?

Mimi nafanya kazi duka la dawa za mifugo. Mtu anaweza kutoka mbali na mbuzi mmoja anayeharisha, na sisi tunamwuliza: ameanza lini? Kabla ya hapo alikuwaje? Mlihama malisho? Kuna mwenzake aliyekufa? Mwenye mbuzi anaeleza nusu saa na hakuna anayemkata. Sijawahi kumsikia bosi wangu akimwambia mteja kwamba mbuzi ndivyo walivyo, kamlaze. Angefunga duka kwa aibu.

Ndugu yangu amenyimwa maswali anayopata mbuzi.

Adeer alitoka kutafuta tuktuk. Mimi na Yusuf tukakaa kwenye benchi nje ya kliniki. Nikafungua daftari kwa hasira, nione ni kitu gani kirefu hivyo ambacho daktari alishindwa kukisoma. Nimelichora safu tatu kama daftari la dukani: Tarehe, Kilichotokea, Sababu. Nikasoma kuanzia mwanzo, bila kuruka.

9 Novemba. Tumemzika Aabo. Yusuf amebaki chumba cha nyuma na binamu, asije akapiga kelele makaburini.

10 Novemba. Yusuf anamtafuta Aabo. Adeer amemwambia Aabo amepeleka ngamia mbali, Buna. Afadhali hivyo.

12 Novemba. Amekaa langoni kutwa.

17 Novemba. Amekataa kula. Amesema atakula na Aabo.

Kisha kurasa na kurasa. Hataki kuoga. Hataki kwenda kwa mbuzi. Ameamka alfajiri kuangalia barabara. Na kwenye safu ya tatu, ya Sababu, kuanzia tarehe kumi na mbili mpaka jana, kwa mwandiko wangu mimi mwenyewe, neno hilo hilo likishuka kama mistari ya mchwa ukutani: kawaida yake. Kawaida yake. Kawaida yake.

Nilikuwa nimetoka kumlaani mtu kwa sentensi niliyoiandika mimi mara themanini.

Sina la kujitetea. Yote nilikuwa nayajua, ni mimi niliyeyaandika. Ila nilikuwa naandika kila siku na kufunga, sikuwahi kuyasoma kwa kufuatana. Na lile "afadhali hivyo" la tarehe kumi ni langu pia. Adeer alidanganya kwa mdomo, mimi nikapiga muhuri.

Adeer aliporudi nilimwambia pale pale kwenye benchi kwamba leo Yusuf ataambiwa ukweli. Alitazama viatu vyake. Akasema tumwache, kijana ana matumaini, tukimvunja moyo itakuwa dhambi juu yetu.

"Hataelewa," akasema.

Hilo ndilo lililonimaliza. Daktari wa mbali alisema lake, na huyu wa damu yetu anasema lile lile. Nikamwambia Adeer, na sauti yangu haikuwa ya kumwambia mkubwa:

"Majina kumi ameyashika kichwani, na kuanzia babu kurudi nyuma wote ni marehemu. Ulidhani Aabo alimwambia wako wapi? Buna?"

Mama mmoja kwenye foleni aligeuka. Ndani ya tuktuk Adeer alikaa mbele na dereva, hakunigeukia mpaka nyumbani. Nilifikiri nimemkosea adabu, na nilikuwa nimemkosea. Sitajuta leo. Labda wiki ijayo.

Baada ya swala ya alasiri alikuja mwenyewe, amevaa kikoi safi. Akamshika Yusuf mkono pale langoni, akamwambia twende kwa Aabo. Yusuf aliinuka haraka kuliko nilivyomwona akiinuka tangu mwaka jana, akaanza kufunga ile kamba ya suruali vizuri. Nikageuza uso. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, nikabaki uani na kuanika nguo zilizokuwa zimeshakauka.

Yaliyotokea huko Adeer alinieleza akiwa amesimama mlangoni, kikoi kimejaa vumbi. Alimwonyesha kaburi, akamwambia Aabo yuko hapa, amekufa, Buna ulikuwa uongo wangu. Yusuf alichuchumaa. Akaweka kiganja kwenye udongo. Kisha akasimama na kuuliza neno moja tu.

"Mbona hamkuniita?"

Akampiga Adeer kifuani, ngumi moja. Kisha akalia kwa sauti kubwa, ile sauti tuliyomfichia siku ya maziko. Adeer anasema hakumzuia. Anasema makaburini hapakuwa na mtu wa kusumbuliwa, na kwamba hata siku ile, akifikiria sasa, asingesumbuliwa mtu.

Yusuf ana mabega ya kubeba ng'ombe aliyezama kwenye matope. Ni yeye aliyestahili kuwa mbele ya jeneza la baba yake. Tulimfungia chumbani na televisheni.

Miezi mitatu nimekuwa namwona mtu asiyeelewa. Kumbe langoni alikaa mtu aliyeachwa. Na leo tumejua ana hasira kama yangu, tena yake ina haki zaidi.

Hajala jioni hii. Amekunywa nusu kikombe cha chai, amelala chumbani badala ya langoni. Sisemi amepona, na mtu asiniandikie kwenye maoni hapa chini kwamba Alhamdulillahi mambo yameisha. Nyama iliyomtoka miezi mitatu hairudi kwa kwenda makaburini mara moja. Bado ni mgonjwa, bado anahitaji mtu aliyesomea kazi hiyo, na mtu huyo yuko nyuma ya mlango ule ule nilikotolewa leo nikiwa na karatasi ya vidonge. Vidonge sikuvinunua.

Kliniki inafungua tena Alhamisi. Adeer amesema atakuja, na atamweleza daktari kwa mdomo wake mwenyewe alichomwambia Yusuf tarehe kumi Novemba. Kiswahili chake ni cha sokoni lakini kitatosha. Mimi nitakuwa na daftari. Foleni ikiwa ndefu nitasubiri iishe. Nitalifungua mezani kwenye ukurasa wa kwanza, na sitainuka mpaka asome mpaka wa mwisho.

Nimekata "kawaida yake" zote kwa rula, moja baada ya nyingine. Imenichukua muda.

Kisha nimeandika ya leo. Tarehe: 11 Februari. Kilichotokea: amelia kwa sauti, amempiga Adeer ngumi moja kifuani. Najua mtu akisoma hapo tu ataandika kwamba sasa amekuwa mkali, na ataongeza dawa. Kwa hiyo safu ya tatu nimeijaza kwa herufi kubwa, na wino nimeupitisha mara mbili.

Sababu: HATUKUMWITA.