Mbuzi Amepanda Kilima Peke Yake

Munungwe wangu Fidèle,

Chui usiye na meno. Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo ungetaka nianze, lakini ukweli ni kwamba niliandika kwanza "mpendwa", nikalitazama lile neno, nikalikata. Ungelisoma ungecheka mpaka ukohoe.

Jana nilipanda kilima chetu, kile cha shaba, kisichoota mti hata mmoja. Nilikwenda peke yangu. Nyumbani walisema mtu wa umri wangu hafanyi hivyo, jua la mwezi wa tisa litamwangusha. Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni wewe.

Mke wako Séraphine alinipigia simu. Bado yuko Pweto kwa dada zako, bado amevaa nyeusi. Unajua ilivyokuwa: ulikwenda kuwasalimu wakati wa mvua, homa ikakuchukua huko huko, barabara ikakatika, malori yakazama kwenye matope, wakakuzika bila mimi. Sasa barabara imekauka na familia inataka kufunga kilio. "Papa Anaclet," aliniambia, "bantu bote banakungojea weye. Bila weye kilio haitaisha."

Na ni kweli. Wewe wa ukoo wa Chui, mimi wa ukoo wa Mbuzi, na koo hizi zimetaniana tangu kwa mababu. Akifa mmoja, munungwe wake, mtani wake, ndiye anayeingia kwenye kilio amevaa nguo za marehemu. Anaiga mwendo wake, anamtukana mbele ya watu, analala juu ya kaburi na kukataa kuondoka mpaka apewe kitu. Waliofiwa wanacheka, na wakishacheka wanaweza kurudi nyumbani kwao. Hiyo ndiyo kazi yangu kwako. Lakini tangu ulipokufa, Fidèle, sijaweza kukutukana hata neno moja. Ndiyo maana nikasema niende kwanza kuujaribu ulimi wangu mahali ambapo hakuna mtu wa kunisikia nikishindwa.

Unakumbuka yule mama mgeni aliyeleta dukani kikwembe chake, kitenge kipya, nimshonee? Hakutujua bado. Wewe ukatokea mlangoni, umejaza mlango wote: "Weye mbuzi! Leo njo minakukula, na mifupa minapatia imbwa!" Nami nikiwa na pini mdomoni nikakujibu: "Chui ya kuzeeka, meno iko wapi?" Yule mama alitupa kikwembe chini akakimbia kuita majirani waje watuamue. Mtaa mzima wa Kamalondo ulicheka, na yeye akawa mteja wangu mpaka leo.

Siku hizi anapokuja ananiamkia kwa sauti ndogo. Wote wananiamkia hivyo. Papa Anaclet, pole. Papa, kaa hapa kivulini. Nilimshonea bwana mmoja suruali, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, akaivaa akashukuru. Wewe ungeitembeza suruali ile barabara nzima. Nimechoka kuheshimiwa. Nashinda naongea na watu, na jioni nikifunga mlango naona kama sijaongea na mtu.

Jana nilivaa koti lako la kahawia, lile uliloniachia nilipanue tumboni kabla ya safari. Nilikuwa nimelimaliza vizuri. Linanipwaya kila upande, na ndani ya teksi-bisi watu walinitazama, wakadhani nimekonda kwa ugonjwa. Nilishuka mwisho wa Ruashi, nikachukua pikipiki mpaka pale njia inapopotea kwenye majani yaliyoungua. Kutoka pale, unajua, ni miguu tu.

Miti ilinisindikiza kwa muda. Kisha ikasimama yote pamoja, pale pale inaposimama kila mwaka, kwa sababu shaba iliyo ardhini haiiruhusu kupita. Mbele ni mawe. Meusi, mekundu, mengine yana ule ukijani. Hakuna maji, hakuna ndege, hakuna kivuli cha kumficha hata kuku. Hapo ndipo ulipozoea kushika kiuno na kuhema. "Angalia mbuzi," ulikuwa unasema, "anajipeleka mwenyewe ku majiwe. Mi nangojea hapa chini, atachoka, nitamukula." Lakini hukungoja hata mara moja. Ulinifuata ukilalamika mpaka juu.

Jana niligeuka nyuma kila mara. Masikio yangu yamezoea pumzi zako mgongoni, na bila hizo sikujua niende kwa mwendo gani. Nilikwenda haraka mno, maana hapakuwa na wa kumngoja.

Karibu na kilele, pale kwenye bamba la jiwe lililoinama, niliteleza. Kiganja kikachubuka, na chupa ya munkoyo, kinywaji changu chote cha siku ile, ikabingirika ikaenda zake. Niliisikia ikigonga mawe kwa muda mrefu. Nikakaa hapo hapo nilipoangukia, nikafikiri kwamba nikivunjika mguu hapa hakuna atakayejua. Halafu nikafikiri jambo lililoniuma zaidi. Zamani anguko kama lile lingekulisha wewe mwaka mzima. Ungelisimulia kwenye kila meza ya baa, ukiongeza chumvi, mpaka iwe nimeanguka kutoka mbinguni. Jana nimeanguka bure.

Kule juu upepo ulikuwa wa moto. Upande wa mji ulikuwa vumbi na moshi tupu, nikaona lile vumbi la mgodi wa Ruashi, mengine sikuyaona. Nikasimama. Nikavuta koti vizuri, nikashika kiuno, nikaanza kutembea mwendo wako, bega moja mbele, tumbo likifuata, ingawa tumbo lenyewe sina. Nikafungua mdomo nikutukane.

Likatoka jina lako tu. Fidèle. Nikajaribu tena, nikasema chui, chui mvivu, chui wa bure, na sauti ikawa nyembamba, ya mtu anayeomba kitu. Tusi linataka mtu wa kulirudisha. Nilingoja, nakwambia kweli, nilingoja kabisa kama mjinga. Kisha nikakaa nikala kipande changu cha chikanda, ile keki ya mizizi na karanga, bila maji, kinanikwama, na nikalia kwa hasira. Nimekukosa. Sijui namna nyingine ya kulisema. Nimekukosa kila siku, na kule juu zaidi, kwa sababu palikuwa pakubwa mno kwa mtu mmoja.

Nilianza kushuka nikiwa nimeamua kumpigia simu Séraphine na kumwambia watafute munungwe mwingine.

Miti ilipoanza tena, palikuwa na mwanamke anachoma makala, makaa ya kuuza. Alikuwa ameniona nikipita asubuhi. Alinipa maji bila kuuliza, na nilipomaliza ndipo akauliza. "Papa, unatafuta nini kule juu? Na hii koti iko ya nani? Iko kubwa." Nikamwambia ni la munungwe wangu, amekufa. Akaweka jembe lake chini. Akauliza mimi ni wa ukoo gani. Mbuzi, nikasema. Na marehemu? Chui.

Ungemwona, Fidèle! Alipiga makofi, akarudi nyuma, akaninyooshea kidole. "Haaa! Mi pia niko mwana wa Chui! Mbuzi mushenzi, unavaa ngozi ya kaka yangu? Njo weye ulimuua! Na maji yangu unakunywa, lipa!"

Nami kabla sijafikiri nikasikia mdomo wangu unajibu: "Chui gani anachoma makala? Nyama inakushinda kukamata, sasa unakula moshi!"

Alicheka mpaka akainama. Nikacheka, na katikati ya kucheka kilio kikanishika, kile chenyewe, kile ambacho nilipaswa kulia Pweto wakati wa mvua. Hakusema pole. Alizidi kunitukana. Akawaita wenzake waliokuwa ndani ya msitu waje kumwona mbuzi anayelia, akanipokonya chikanda iliyobaki kuwa faini yake. Nilimwachia yote.

Njiani kurudi nilifikiri habari zake. Alitukana vizuri, ukoo wenu hauna aibu. Lakini hakujua lolote juu yangu. Hakujua kwamba nakoroma kanisani, wala kwamba nilimwoa mke wangu nikiwa na suruali iliyochanika nyuma, wewe ukitembea mgongoni kwangu toka altareni mpaka nje ili watu wasione. Matusi yako yalikuwa yanayajua yote hayo. Hakuna atakayenitukana hivyo tena.

Ila ulimi upo. Nimempigia Séraphine, na sikumwambia nililotaka kumwambia. Nimemwambia nakuja.

Nitapanda lori la Pweto. Nitaingia uwanjani kwenu nimevaa koti lako, nikihema mbele ya dada zako, na nitalala juu ya kaburi na kudai kikapu cha samaki wakavu. Wakinipa nitasema ni wadogo. Séraphine atacheka, hilo nakuahidi, na avue ile nyeusi. Kisha kila mtu ataenda nyumbani kwake, nami nitarudi Kamalondo kufungua duka.

Lala sasa, Fidèle. Maneno mengine yatakuja yenyewe nikifika, lakini la kwanza nimeshalichagua. Nitasema: chui mjinga wewe, umeondoka bila kuniaga. Nitalisema kwa sauti kubwa, nao watacheka, wakidhani ni utani.

Mbuzi wako,
Anaclet