Kijiko cha Mama Kabedi

Manika, Kolwezi
Tarehe 14 Septemba 2019

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima yote, mimi mwanao Ntumba. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, magoti yamekuonea huruma kidogo, na kuku wako bado wanataga huko Mwene-Ditu. Sisi hapa tuko. Omer mume wangu anakusalimu, bado anaendesha lori lake. Jessica mjukuu wako amefaulu mtihani, na ameniagiza nisisahau kukuambia kwamba katika hisabati amewashinda wavulana wote. Mimi ndiye niliye kitandani, ila naendelea.

Barua hii anakuletea Tshiamala, huyu anayetupelekea habari zetu, kwa mkono wake. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe ukishika simu nyumba nzima inasikia, na haya si ya nyumba nzima. Nimeandika kwa Kiswahili, si kwa Kiluba, kwa sababu ndicho walichokufundisha kusoma pale foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake ya kampuni ya mgodi, wewe na wenzako, mkijifunza kushona. Soma mwenyewe polepole. Usimpe mtu akusomee.

Mama, nilikudanganya niliposema napasuliwa ngiri. Sina ngiri. Nimepunguzwa tumbo la chakula, ili nipungue mwili. Najua utashika kichwa. Wewe kila ulipoona picha yangu ulifurahi, ukasema sasa hakuna atakayedhani mwanao aliwahi kuona njala. Lakini nilikuwa nimefika kilo mia moja thelathini na nane, sukari imepanda, presha imepanda, ngazi za kanisa nazipanda kwa vituo kama treni ya mizigo. Daktari alisema nikiendelea hivyo Jessica atabaki yatima.

Niliingia kliniki saa moja asubuhi, na jioni ya siku ile ile nikarudi nyumbani, nimemshika Omer mkono. Walipitisha vyuma vyembamba kwenye matundu matano madogo, wakakata sehemu kubwa ya tumbo, wakaacha kipande chembamba kama ndizi. Kilichoniuma sana si tumbo, ni bega, kwa sababu ya hewa waliyonijaza ndani. Nikaagizwa nitembee uani damu isigande, na ninywe maji kwa kikombe kidogo cha dawa, tama moja moja, mchana kutwa. Muuguzi hunipigia simu kila asubuhi kuuliza kama nimetembea. Basi fikiria mwanao, mama mzima, anazunguka kamba ya nguo kama mbuzi aliyefungwa.

Wamama wa parokia walikuja kuniona, nao hawaji mikono mitupu. Walileta bukari ya unga wa mahindi, sombe ya majani ya mihogo, kuku mzima na miguu yake. Unajua hapa kwetu mgonjwa akikataa bukari ni kama amekataa salamu. Mmoja aliondoka amenuna, akasema tangu Omer apate lori tumekuwa watu wa kuchagua. Mimi nilicheka, na kucheka kulikuwa kunaniuma kwenye matundu yote matano.

Siku ya tisa niliruhusiwa maziwa mepesi. Jessica akafungua kopo la maziwa ya unga, akakoroga, akaniletea. Harufu ile iliponifikia, nilianza kulia na sikuweza kunyamaza. Sikumeza. Kesho yake pia sikumeza, wala kesho kutwa. Mdomo ulikauka, kichwa kikazunguka, Omer akaanza kukusanya nguo zangu ili anirudishe kliniki.

Hapo ndipo aliingia Mama Kabedi.

Tafadhali mama, usiikunje barua. Ndiyo, Kabedi yule yule, rafiki yako wa foyer, mama wa ubatizo wa Dady wetu, mdogo wangu. Alirudi Kolwezi kabla yangu, anaishi nyuma ya soko, anasali parokia moja na mimi. Miaka kumi na moja nimekuwa nikikaa nyuma ya nguzo ili macho yetu yasikutane. Sasa amezeeka, mgongo umeinama, na jicho moja halioni vizuri. Hakuleta chakula. Aliomba kijiko cha chai, akakaa kitandani pangu, akachota maziwa, akangoja. Nilimeza kijiko kimoja, baadaye cha pili, na tangu siku ile anakuja kila asubuhi saa nne.

Tshiamala aliponiletea habari kwamba unataka kuja kuniuguza, nilifurahi kama mtoto. Kisha akaniambia umesema hutaki kumkuta hapa yule mlozi aliyekula maziwa ya mwanao. Nimekaa na neno hilo siku mbili. Siwezi kukaa nalo ya tatu.

Unakumbuka stesheni ya hapa, mwaka ule wa tisini na tatu. Kampuni ilikuwa imeanza kuanguka, mishahara haionekani, na sisi tukaambiwa Wakasai warudi kwao Kasai. Baba aliuliza kwao ni wapi, maana alizaliwa papa hapa, na baba yake alikufa mgodini papa hapa. Walituita bilulu, wadudu. Tukakaa wiki saba chini ya turubai kungoja treni, familia yetu na familia ya Mama Kabedi mkeka kwa mkeka. Dady alikuwa na miaka mitatu, na surua ilikuwa imemkausha. Masista walikupa kopo moja la maziwa ya unga kwa ajili yake. Ulilifunga ndani ya vitenge, ukaniambia nilikalie nisiondoke, mimi binti yako wa miaka kumi na moja, wakati wewe unapanga mstari wa maji na baba anapanga mstari wa majina ya treni.

Mama, ni mimi niliyeyala.

Siku ya kwanza nilichovya kidole tu. Unga ule uliganda kwenye meno, nikaulamba taratibu. Nilisema sitarudia. Siku ya pili nilirudia, na ya tatu, na ya nne sikuhesabu tena vidole. Dady alikuwa amelala kando yangu, akinitazama, hana hata nguvu ya kulilia chake. Uliporudi ukafungua kopo, ukaona bati linang'aa chini, uliniuliza nani amekuja hapa. Nilikuwa na maziwa mdomoni, sikuweza kufungua kinywa. Nikaelekeza kidevu kwenye mkeka wa Mama Kabedi.

Yaliyofuata unayajua. Ulimpiga kofi mbele ya watu wote, watu wakamfukuza kwenye mstari, na treni yetu ikaondoka bila yeye na watoto wake. Dady akafia njiani, baada ya stesheni ya Kamina, na hapo ulimwita mlozi. Jina hilo lilimtangulia mpaka Kasai na likamfuata mpaka kurudi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mama, mimi nilikuwa nguoni mwako kabisa, nimeshika upindo wa kitenge chako.

Tangu hapo sijawahi kushiba. Nilikula sahani yangu na mabaki ya Jessica, nilificha mikate ndani ya kabati, nilikula nimesimama jikoni Omer akiwa safarini. Watu walisifu mwili wangu. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa bado nimekalia lile kopo.

Juzi nilimwambia Mama Kabedi yote. Nilidhani ataweka kijiko chini aondoke. Akafuta kidevu changu kwa ncha ya kitenge chake, akasema anajua. Maneno yake nakuandikia kama alivyoyasema, maana siwezi kuyatengeneza: "Nilikuonaka, mwana. Ulikuwa unalamba kidole. Ulikuwa mutoto, na njala ilikuwa mukubwa kukupita we." Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza, akapigwa, akaachwa na treni. Alisema aliona Dady hatapona. Alijua wewe utatafuta mtu wa kumchukia, na kama ungejua ukweli, mtu huyo angekuwa mimi, na ungepoteza batoto babili pahali pa mumoja. Alisema jirani anaweza kuchukiwa akaishi, mwana hawezi.

Alinikataza nisikuambie. Alisema mzigo ule ameshauzoea, na wewe ni mzee, nikuache upumzike. Nimeasi, mama. Nilikuasi wewe nikiwa mdogo, leo nimemwasi yeye, na kati ya maasi hayo mawili hili moja silijutii.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Dady alibeba jina la baba yako, najua nilichokula. Kama baada ya kusoma hutaki kuja, nitaelewa. Nitaendelea kupona, maana mwili una ujinga wake, unapona hata usipostahili.

Ila kuna jambo moja ameniuliza nami sikuweza kumjibu. Anataka kujua Dady amezikwa wapi. Yeye ndiye aliyemshika kichwani padri alipommwagia maji, na mpaka leo hajui amwelekeze wapi uso anapomwombea. Mimi siku ile nilijifunika kitenge, nikajifanya nimelala, nilisikia tu baba akichimba kwa bakuli la bati na treni ikipiga filimbi kutuharakisha. Sikuona mahali. Baba ametangulia. Umebaki wewe peke yako unayejua ni kando ya reli ipi, karibu na mti gani. Hujawahi kupataja mahali hapo.

Ukija, mama, usianzie kwangu. Pitia kwanza nyuma ya soko, uliza kwa Kabedi, watakuonyesha. Umwambie yeye.

Nisalimie Bilonda dada yako na wote wa nyumbani. Omer na Jessica wanakukumbatia. Mungu akulinde, akupe pumzi ya kufika mwisho wa karatasi hii. Naishia hapa kwa sababu ni saa nne, nasikia ndala zake uani.

Ni mimi mwanao uliyebaki naye,
Ntumba