Namba Iliyoruka Nane

Kulwa,

Jana Mama aliita kutoka jikoni, "Njooni mle." Sebuleni nilikuwa peke yangu. Nikasikia mwiko umetulia ndani ya sufuria. Hakujirekebisha, hakusema "njoo". Na mimi sikuitika. Tukala bila kutazamana.

Ndivyo tunavyoishi hapa Nyakato tangu moyo wako usimame. Majirani waliozoea kutuita Kulwa-na-Doto, kama jina moja, wakinikuta njiani wanasema "Doto," halafu hawajui waongeze nini.

Leo asubuhi nimekwenda kwenye lile jiwe letu ziwani, na chaki mfukoni. Unakumbuka? Tulikuwa kidato cha pili, ukaandika 12345679, nikakucheka: "We, nane umeiuza wapi?" Uliiruka kwa haraka tu, lakini wewe na kukubali kosa! "Iache hivyohivyo. Zidisha kwa tisa." Nikazidisha. 111111111. Moja tupu, tisa, zimejipanga. Tulipiga kelele mpaka yule mama aliyekuwa anaanika dagaa akafoka, "Nyie mapacha, mtapasua jiwe!"

Tukairudisha nane mahali pake, tukazidisha tena kwa tisa. 1111111101. Sifuri imejipenyeza karibu na mwisho, imeharibu kila kitu. Ukasema, "Unaona? Nane haitakiwi."

Maneno hayo yananitesa. Msibani waliniambia nitazoea, maisha yatajipanga. Sitaki, Kulwa. Sitaki yajipange vizuri kwa sababu wewe haumo.

Kwa hiyo leo nimefanya jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Namba yako nimeizidisha kwa nane yenyewe. 98765432. Nane imerudi! Ipo pale, ya pili kwenye mstari. Nikageuka kukuonyesha. Nikageuka kweli, shingo na mabega. Kisha nikatazama tena jiwe, nikaona kwamba safari hii moja ndiyo haipo.

Nikakaa chini. Nane ni wewe, moja ni mimi niliyebaki peke yangu: ukiwepo wewe, mimi sipo. Nililia mpaka chaki ikalowa mkononi.

Sijui nini kilininyanyua. Niliandika ile mistari miwili, namba yako juu, jibu la leo chini, nikajumlisha kama tulivyofundishwa, kuanzia kulia. Tisa na mbili, moja, mkononi moja. Saba na tatu na moja, moja, mkononi moja. Hivyo hivyo hadi mwisho. Moja tupu, Kulwa. Zote tisa. Mstari unaokukosa wewe na mstari unaonikosa mimi.

Najua sababu yake, usinicheke. Mara moja ukiongeza mara nane ni mara tisa, basi. Lakini hatukuliona tukiwa wawili, na leo sikuwa na wa kumpigia kelele. Wanaoanika dagaa walinitazama, wakaendelea na kazi.

Mvua ikinyesha itaifuta hesabu yetu. Nimeiacha. Pumzika, pacha wangu.

Mama akiita tena "njooni", hatasikia kimya. Nitaitika kwa sauti, kwa ajili yetu wawili: "Tunakuja, Mama."

Doto