Jina Lako na Série ya Jikoni

Maman,

Jumapili ndugu yako, Tonton Kasongo, anakuja hapa mtaani kwangu, Forest, kusikia jina la mutoto. Nimezaa msichana, wiki ya pili hii. Kwetu, mutoto wa kike akizaliwa nyuma ya matanga ya bibi yake, anabeba jina lake. Wamama wa kanisa wameshaanza kumuita Cécile kadogo, kwa jina lako. Miye bado sijajibu.

Nyumba yako ya mtaa wa Laeken imepata watu wengine. Télé nimeibeba kwangu.

Unakumbuka samedi zetu, kila Jumamosi mbele ya télé, tangu ulipoanza kuugua? Zile série, tamthilia za Waingereza wa zamani, za farasi na magauni ya kuburuta chini, zote zinasema Kifaransa. Weye ulipenda ile ya mama mjane mwenye jumba, asiyeinamia muntu. Miye nilipenda ya watumishi wa jikoni. Ulikuwa unanicheka: "Weye, hata kwa télé unatafuta masufuria." Na télécommande, ile rimoti, haikutoka mkononi mwako.

Alafu kule hospitali ukanisukumia. "Bon, leo chagua weye."

Nikachagua ya jikoni. Lakini sikuchagua hivi hivi, Maman. Nilitafuta ile sehemu ambapo msichana wa kufua anapata mimba, na mama mkubwa wa watumishi anamtoa nje na kifurushi chake, mvua inanyesha. Weye ulinitoa hivyo, Neema, mutoto wangu wa kwanza, akiwa tumboni, nguo zangu ndani ya sachet mbili za plastiki. Hatukuwahi kulizungumza. Nilikuangalia weye, télé sikuiangalia. Nilingoja neno moja tu. Hata pole.

Ukasema: "Alifanya vizuri. Angemuacha, angeharibu wengine."

Kisha ukaomba maji. Nikakushikia kikombe, nikakupangusa kidevu. Kesho yake asubuhi haukuwepo tena.

Kwenye matanga walisema ulikuwa malaika. Niliitikia kwa kichwa, nikaendelea kupitisha sahani.

Donc Jumapili nitampikia Tonton sombe vizuri, ale ashibe, alafu nitamwambia hapana. Atakasirika, atasema ninakuua mara ya pili. Aseme. Mutoto ni Tumaini.

Usifikiri sikulilii. Nakulilia hata kwenye tram, watu wananiangalia. Kaburi lako nitalisafisha kila mwezi, hiyo nakuahidi, na binti zangu nitakuja nao. Mmoja wao akinirudia siku moja na tumbo, nitamfungulia mlango, nimuwekee chakula.

Lala, Maman. Jina lako wameliandika vizuri kwenye jiwe. Libakie hapo.

Miye, binti yako