Maoni ya Baclient juu ya Mukono wa Shaba

Butembo, tarehe 4 Novemba 2002

Kwa kaka yangu mukubwa, yaya Melchior,

Salamu mingi kutoka kwetu bote. Habari ya afya? Ile kifua ilishapona, ao ungali unakunywa majani ya Mama Jemima? Hapa tuko, baridi tu ndiyo inatutesa. Batoto bako muzuri. Wa kwanza alileta bulletin ya shule, na sikufiche, mathématiques imemushinda sawa vile ilitushindaka sisi bote.

Cassette kumi na mbili za Mukono wa Shaba zilifika na camion ya Esdras, hakuna ata moya iliyovunjika. Wasingya, aksanti sana. Uliniomba kila client akirudisha cassette nimuulize maoni na niandike mu cahier, juu ujue namna ya kutia sauti yako ya Kiswahili juu ya Kingereza ya filme itakayofuata. Nimefanya. Usinikasirikie, mimi ni mwandishi tu.

Mama Jokébed, ule wa soko ya viazi, anasema filme ni muzuri, lakini ule mutu wa mukono ya shaba hakule ata siku moya. Anakamata marisasi na kiganja, anaangusha hélicoptère, anarudi kwake, analala. "Nani anamupikiaka?"

Précieuse, bibi ya lieutenant, benye kutoka jimbo ya Équateur, anasema bwana yake alicheka mpaka machozi. Ati mutu akijua kukamata risasi na mukono, bakubwa batamutuma mbele kila siku mpaka azeeke.

Mwalimu Ézéchiel wa Kisangani, yeye anajua Kingereza. Anasema yenye wewe uko nasema na yenye filme inasema ni vitu mbili havijakutana njiani. Lakini aliikodi mara tatu.

Sasa yaya, ikala chini kwanza. Bantu tatu baliniambia neno moya, na hakuna mwenye alisikia ya mwenzake. Pale ku daraja, wakati Mukono wa Shaba anasimama peke yake na anasema kwa murefu, kuko sauti ya mwanaume wa pili nyuma ya yako. Jokébed alifikiri ni ufundi mupya, aliipenda. Ile sauti inasema: "Niko na kiu. Niko ku séchoir ya kahawa." Sijue ni séchoir gani, kahawa inakaushwa fasi mingi.

Niliweka cassette mimi mwenyewe, saa ine ya asubuyi, mulango wazi, jua inaingia mpaka ku kiti. Nikasikia. Yaya, ni Octave. Ni bwana yangu. Miaka kumi na moya nalala karibu ya ile sauti, siwezi kuikosea.

Alitoka hapa mwezi wa saba kukuona Beni, kisha akaenda Mbau, bakapigana kule, na tangu ile siku sina ata shati yake ya kushika. Wewe ulimurekodi lini? Kama unajua fasi eko na unanificha juu alipata bibi mwingine, sema tu. Nitalia siku mbili, itaisha. Kukosa kujua ndiyo inaniua.

Mudogo wako,
Clémence


Beni, tarehe 13 Novemba 2002

Kwa mudogo wangu Clémence,

Nimepokea barua yako, nimeisoma nikisimama. Pole na baridi. Mimi kifua inapona polepole, majani ya Mama Jemima ni chungu kuliko ugonjwa yenyewe. Hapa Beni bakimbizi bamejaa mpaka mu madarasa, lakini tunapumua.

Nikujibu na kweli. Ile filme ilivuka mupaka ya Kasindi mwezi wa kumi, tarehe tano. Octave alipotea mwezi wa saba. Nilitia sauti peke yangu, chumba kimefungwa na godoro ku dirisha juu ya makelele ya groupe ya umeme. Niliposoma barua yako nikasikiliza cassette mama, ile natoleaka copie zote. Pale ku daraja niko mimi, na jogoo ya jirani. Hakuna mutu mwingine.

Mwalimu Ézéchiel amenivua nguo, na nikubali: Kingereza sijue. Naangalia midomo yao, nasema yenye roho inaniletea. Pale ku daraja nilisema tu, "Mama, nitarudi, usilie." Ni yote.

Labda ni hivi: zile cassette ni za zamani, nilifuta filme zingine juu yake. Octave alikuwaka anakuya kucheka ndani ya rekodi zangu, unakumbuka. Labda sauti yake ilibakia chini, sawa vile harufu ya samaki inabakia mu sufuria. Usichimbe zaidi.

Baba mukwe wako Josaphat aliniandikia. Jamaa inataka kuzika mugomba. Clémence, ndivyo desturi yetu: mutu akipotea na mwili haionekane, tunakata mugomba ya urefu wake, tunaivalisha nguo yake, tunaizika na sala, na benye kubakia banaanza kupumua. Kubali. Miezi ine ni mingi. Na unirudishie zile cassette zote, nitie sauti mupya.

Yaya wako mwenye kukupenda,
Melchior


Butembo, tarehe 24 Novemba 2002

Kwa yaya Melchior,

Salamu, na nashukuru Mungu kama kifua inaendelea. Sisi tuko wazima wa mwili.

Cassette sikurudishie. Bazee balisema, kinachosemwa kiko, na kama hakiko, kiko nakuya. Wewe ulitaka maoni ya baclient, basi usiyakimbie.

Ile sauti inaendelea, yaya. Cassette ni ileile, daraja ni ileile, lakini kila client anarudisha neno mupya. Précieuse alisikia: "Muzee wa mukono moya ananiletea maji mu kopo." Aliuliza kama ule muzee ataonekana mu partie ya pili. Jokébed alisikia: "Muguu yangu imevimba, lakini kengele ya misa naisikia vizuri." Alilia, hakujua sababu, anasema filme ya kupigana haimulizaka. Nilimuuliza kama anatambua sauti. Alisema hapana, ata kama mwaka jana Octave alimubebea mifuko ya viazi siku nzima.

Mwalimu Ézéchiel alikuya jana, uso yake haina damu. Anasema yeye alisikiliza Kingereza ya chini. Pale ku daraja Mukono wa Shaba anauliza, kwa Kingereza, "Jina yako ni nani?" Mu filme hakuna mutu mbele yake, ni mutoni tu. Na ile sauti ya pili inajibu: "Octave." Na Mukono wa Shaba anangoya mpaka jibu iishe ndipo anaendelea. Mwalimu aliweka cassette ku meza yangu na mikono mbili. Hakuomba ingine.

Unaniambia ni harufu ya samaki mu sufuria. Samaki haijibu ukiiita.

Baba Josaphat ameshaweka siku: mugomba itazikwa tarehe 7 Desemba, siku ya Posho, ndiyo Jumamosi, saa ine ya asubuyi. Nilipiga magoti mbele yake. Alisema atangoya mpaka pale na si zaidi. Na unajua yenye inafuata. Mugomba ikishaingia mu udongo, mutu akikuya na sura ya marehemu, hapana kumufungulia. Unamuuliza jina yake ukiwa ndani. Mutu muzima atasema jina yake. Mwenye alishazikwa haweze kuisema.

Mbau na Beni ni kilomita makumi mbili. Mimi niko na batoto ine na barrière sita za basoda mbele yangu. Wewe uko na baiskeli. Nenda kuangalia séchoir ya kahawa yenye iko karibu na kanisa. Ukikuta mifupa, niambie mifupa. Lakini nenda mbele ya ile Posho, ao niandikie hautaki, nijue niko na ndugu wa namna gani.

Clémence


Beni, tarehe 30 Novemba 2002

Mudogo wangu,

Sitaandika juu ya kifua. Nakusalimia, na nakuomba usome mpaka mwisho mbele ya kunilaani.

Nilikuambia Octave alienda Mbau peke yake. Ni uongo. Tulienda sisi wawili. Kule nilikuwa na salle ndogo ya filme, na vita ilikuwa inakaribia, nikamuomba anisaidie kutoa magnétoscope, ile mashine ya cassette, na groupe. Yeye hakutaka. Alisema Clémence anangoya. Nilimutania, nikamuita mwanaume wa jikoni, akacheka na akakuya.

Marisasi yalianza mchana, tukiwa njiani na vyombo. Octave alianguka karibu ya séchoir. Aliita jina yangu mara mbili. Mimi nilikuwa na baiskeli mu mikono, nikapanda. Sikuangalia nyuma. Magnétoscope ilikuwa imefungwa ku baiskeli, Clémence, na sikuitupa ata hivyo. Ni ileile natoleaka nayo cassette.

Niliposoma "séchoir ya kahawa" mu barua yako ya kwanza niliificha ile barua chini ya godoro. Hakuna mutu duniani nilimuambia ile fasi.

Basi ndiyo sababu nilitaka mugomba izikwe mbio. Nilitaka anyamaze. Sasa naona haya mpaka ku mifupa.

Njia ya Mbau inafungwa na kufunguliwa kila siku, lakini kesho nikitoka misa nitaenda. Baba Josaphat asizike kitu mpaka nirudi. Esdras amepanga kushuka Butembo siku ya Tano, kuamkia Posho, natumaini atafika.

Yaya wako, kama ungali unataka,
Melchior


Butembo, tarehe 8 Desemba 2002

Kwa yaya Melchior,

Nakusalimia. Tangu barua yako ya tarehe 13 sikupata ingine. Banasema camion zimekamatwa ku barrière, bengine banasema ni wewe tu haukuandika. Sijue niamini nini.

Jana bamezika mugomba.

Nilingoya ku barabara mpaka saa tatu na nusu. Baba Josaphat alikuya kunichukua na mukono, hakunigombeza, alikuwa analia yeye pia. Ni mutoto wake. Balivalisha mugomba ile suti ya ndoa yetu. Mimi ndiye nilifunga vifungo. Saa ine padri alisema sala, udongo ikaingia. Vile udongo ya kwanza ilianguka nilisikia masikio yangu yamefunguka, sawa vile unashuka mulima, na kisha kimya.

Nilipotoka pale niliweka cassette. Daraja ilifika, Mukono wa Shaba akasimama. Uko wewe unasema, "Mama, nitarudi, usilie." Na jogoo. Basi. Nilirudisha mara saba. Leo Précieuse alileta copie yake, anasema ule mwanaume wa pili amekatwa, na bila yeye filme haina ladha. Nimeandika maoni yake mu cahier, nimefunga cahier.

Nimeapa mbele ya jamaa, mukono juu ya udongo mupya. Kama mutu anakuya na sura ya Octave, nitauliza jina yake, na asiposema sitafungua, ata batoto balie. Baba Josaphat alisema ni juu ya kuchunga batoto, juu mwenye alizikwa akiingia haingii peke yake. Nimevaa kitambaa cheusi. Nimechoka, yaya. Yenye wewe ulifanya ao ulikosa kufanya, sina nguvu ya kukasirika. Ukipata njia, kuya tulie pamoja.

Mudogo wako,
Clémence


Beni, tarehe 11 Desemba 2002

Kwa mudogo wangu mupendwa Clémence,

Nakusalimia na furaha yenye sijue namna ya kuiandika. Tangu barua yako ya tarehe 24 sikupata ingine; kama yangu ya tarehe 30 ilikufikia, mugomba haikuzikwa, unajua kosa yangu yote, na utanihukumu. Lakini kwanza sikia hii: Octave eko muzima. Nilimukuta.

Alikuwa nyuma ya séchoir, mu chumba cha kulinda kahawa. Muzee moya, jina yake Ananie, mukono yake moya ilikatwa zamani, ndiye alimuficha na kumunywesha maji mu kopo ile miezi yote. Octave amekonda, muguu imevimba, lakini aliponiona alicheka. Alisema, "Melchior, ulikawia." Ni hiyo tu. Hakunilaumu, nikaanguka chini nikalia sawa mutoto.

Njia ilifungwa, tukakaa pale siku tano. Tulisema mingi. Aliuliza juu yako, juu ya batoto, kama paa ya jikoni ilishatengenezwa. Na kitu moya kilinishangaza: alinisimulia Mukono wa Shaba yote, mwanzo mpaka mwisho, na mimi sikumuambia kitu. Nilimuuliza aliiona wapi. Alisema, "Nilikuwaka ndani." Nilifikiri ni homa tu inasema.

Posho asubuyi bakafungua njia, tukamubeba ku tipoy, kitanda ya kubebea bagonjwa, kuelekea Beni. Alikuwa na furaha, anaimba, anaomba maji kila wakati. Ilikuwa sawa saa ine, juu kengele ya shule ilikuwa inalia. Alianza kuniambia, "Clémence akinifungulia, nita…" na akaacha pale, kati ya neno. Tangu ile saa hajasema kitu. Infirmier wa hospitali anasema ni choc ya vita, bantu mingi benye kutoka kule banafanya vile. Maji pia hataki tena. Muguu, banapoiosha, hakunje uso. Mikono yake ni baridi, lakini hapa mvua inanyesha tangu Posho.

Eko anatembea, ata vizuri kuliko mbele. Anaangalia tu upande wa Butembo.

Esdras amepata laissez-passer, karatasi ya kupita ku barrière, lakini mbele mu camion kuko fasi moya. Nimemupa Octave ile fasi. Mimi nitafuata siku ya kwanza ya juma. Nataka nikuombe musamaha nikiwa mbele yako, si mu karatasi.

Barua hii sikumupa Esdras. Nimeitia mu mukono ya Octave na nimefunga vidole vyake juu yake, juu ikufikie wewe na si mutu mwingine. Esdras atamushusha ku kona, atatembea mwenyewe mpaka kwako. Akifika hatakuita. Ukimuuliza kitu kutoka ndani hatakujibu, usiogope. Atabisha tu, na atangoya.

Mufungulie.

Yaya wako,
Melchior