Nimeapa Sitosema Okota

Jumapili, 11 Januari 2026

Leo nimeapa. Sitosema okota, sitosema kunja, sitosema rudisha mahala pake. Hata soksi inikalie usoni! Si kiapo cha wallahi — nikikivunja nisije nikafunga kafara siku tatu bure. Lakini nimeapa. Maneno nitayameza, na yatakayonikaba nitayatema humu, kwenye daftari hili la hesabu alilolikataa Hatem kwa sababu lina picha ya paka.

Sababu ni Shurooq. Jana wifi yangu Mahbuba, dada yake Baba Shurooq, kaja kutoka Ansab. Anamtaka binti yangu akakae kwake, muhula wa pili aanze skuli ya huko. Ana nyumba kubwa, wafanyakazi wawili, mtoto hana. Mie nikangoja Shurooq aseme hapana. Nimekaa nangoja na trei ya sambusa mkononi.

Akasema kwa shangazi kumetulia. Hapa mama ni redio isiyozimika — okota, ondosha, weka. Hata akilala anaota anasema okota!

Watu wakacheka. Na mie nikacheka. Nikaenda jikoni nikakata vitunguu ambavyo havina kazi.

Baba Shurooq kasema mtoto achague mwenyewe. Ijumaa ya tarehe 23 Mahbuba atakuja kuchukua jibu.

Ansab si mbali na hapa Mabela, zote Maskati, najua. Lakini mtoto akishahamia kwa mtu harudi. Huja kutembea. Hukaa ukingoni mwa kiti kama mgeni, hupiga hodi kwao.

Jumatatu, 12 Januari

Siku ya kwanza. Nimekufa kidogo.

Hatem karudi skuli — mkoba mlangoni, kanzu ngazini, kiatu kimoja kibla, kimoja sijui wapi. Nikafungua mdomo. Nikautia tende. Kila neno likija, tende. Kufika magharibi sahani tupu.

Fajr, wangu wa mwisho, kaja kunishika paji la uso. Mama unaumwa? Siumwi. Akaenda kumwambia kaka yake: mama kaharibika.

Baba Shurooq ndiye kaogopa zaidi. Kula kwenyewe kala kwa adabu. Halafu katoka, karudi na halwa ya zafarani, bakuli kubwa. Kaniambia polepole, mama watoto, kama nimekukosea nisamehe. Nikamega kipande. Halwa nzuri!

Shurooq kaniangalia tu. Abaya yake imelala sakafuni mlangoni kwake kama mtu kazimia. Nimeiruka.

Jumanne, 13 Januari

Kunyamaza peke yake hakufai. Nyumba imekuwa soko la mitumba. Baba Shurooq kakanyaga kigari cha Hatem, kasema neno la Kiarabu ambalo hata kama ningejua kuliandika nisingeliandika.

Nikapata akili. Nimechukua boksi tupu la maziwa, nimeliweka chini ya ngazi, pembeni ya boksi jengine kama hilo ninalomfungia mdogo wangu Aliya, Unguja. Lile lina tende, kahawa, udi, na zile sabuni anazozipenda. Msellem, binamu yake Baba Shurooq, anasafiri Alhamisi, atanibebea. Sisi hapa msafiri akijulikana tu, kila nyumba ina boksi lake.

Basi nikawakusanya watoto. Nikawaambia mara moja, kwa sauti ya mtangazaji wa habari: kitakachokutwa sakafuni baada ya isha kinaingia kwenye boksi. Kinatoka Ijumaa, baba akirudi msikitini. Khalas. Kutangaza si kusumbua. Au ni kusumbua? Nimeuliza moyo wangu, umesema si kusumbua.

Jumatano, 14 Januari

Boksi wameliita jela.

Nimefunga: viatu vya mpira vya Hatem, mkasi, mwanasesere wa Fajr asiye na nywele, ndara moja, soksi sijui ngapi, na daftari la insha. Raha ilioje! Sijasema neno. Naokota natia, naokota natia, naimba kaswida.

Fajr kagundua njia ya kumkomoa kaka yake. Anachukua vitu vya Hatem kabatini, anavitupa sakafuni, kisha anakuja mbio: mama, fulani kaacha fulana! Nikamkamata. Hatem kataka hukumu. Akamlaza Fajr sakafuni akasema na huyu mtie, isha ishaadhiniwa. Na Fajr kaingia mwenyewe! Kajikunja juu ya soksi, kafumba macho. Anataka kulala jela.

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Shurooq katokeza ngazini, nae karibu acheke. Nimemuona. Mdomo ulikwenda upande.

Lakini nilipopanda juu — kofia. Anamshonea baba yake kofia ya mkono, kafundishwa na bibi yake marehemu, tangu mwaka juzi. Maua upande mmoja yamekwisha, upande wa pili ndiyo kwanza vitundu. Iko sakafuni mlangoni kwake, sindano imening'inia. Nikasimama. Nikasema moyoni, hii niiache. Halafu nikasema, sheria ni sheria, nikimpendelea huyu, Hatem atalalamika mpaka Idi. Nikaitia.

Ijumaa, 16 Januari

Balaa!

Nilitaka iwe sherehe. Nimefukiza ubani, nimepika biriani. Baba Shurooq karudi msikitini, watoto wamekaa kwenye zulia mstari mmoja, hata Shurooq kashuka. Nikasema yalla, leo wafungwa wanatoka. Nikakata utepe wa gundi.

Gundi! Boksi la jela sikulitia gundi mie. Lakini mkono ushakata.

Tende. Kahawa. Udi. Sabuni.

Kisha Hatem: mama, vitu vyetu vimegeuka tende!

Nikamuangalia Baba Shurooq. Akaniangalia. Jana Msellem kapita na haraka zake, mie niko juu natoa nguo kwenye mashine. Baba Shurooq kaona boksi moja limefungwa vizuri, moja liko wazi. Kasema moyoni, lililofungwa ndiyo jela, hili wazi ndilo la Aliya, hajamaliza kulifunga. Kalifunga yeye, kaliandika jina la Aliya kwa kalamu nyeusi, kampa Msellem. Eti kunisaidia.

Fajr kauliza mwanasesere wake ana pasi ya kusafiria?

Nilitaka kucheka, nikamuona Shurooq. Hakulia, afadhali angelia. Kasema kofia yangu ilikuwemo. Nikasema ilikuwemo, mwanangu. Akasema niliiacha uione, mama. Nilijua utaniambia niokote. Siku zote huniambia.

Kapanda juu. Mlango haukupigwa. Umefungwa taratibu, kama wanavyofunga watu wazima.

Biriani limebaki nusu sufuria.

Jumamosi, 17 Januari

Aliya kapiga simu ya video asubuhi. Mdogo wangu, lakini leo kanisema kama mama mkwe.

Dada, ahsante kwa boksi, lakini niulize. Ndara ya mguu mmoja ni ya nani? Na soksi hizi, hata kufua! Sisi huku tumekuwa masikini namna hiyo, dada? Majirani walikuwa wamekaa wanangoja kuona zawadi ya Maskati. Nimetoa soksi mbele ya watu!

Nyuma yake namuona mwanawe kavaa viatu vya mpira vya Hatem, anapiga ukuta kwa teke. Hatem akapiga ukelele, ananipanulia! Nikamueleza Aliya habari ya jela. Kacheka mpaka simu ikaanguka, nikawa naangalia dari yake.

Kofia kaiona. Kadhani nimempelekea amalizie. Nimemwambia usitie hata sindano, weka, Msellem akirudi akupitie. Lakini Msellem kaenda arusini, harudi mpaka mwezi ujao. Na mwezi ujao muhula wa pili ushaanza.

Nikamwita Shurooq aongee na khaloo yake, mama yake mdogo. Kasema kutoka ndani, msalimie.

Jumatatu, 19 Januari

Miujiza. Nyumba inameta!

Hatem anakunja kanzu. Fajr analala kavaa viatu. Wamewaambia wenzao skuli — mama yetu ukiacha kitu anakipeleka Zanzibar. Mama mmoja kanisimamisha mlangoni pa skuli kaniuliza kama ni kweli na kilo moja ni riali ngapi.

Baba Shurooq kafurahi, kasema umeona, nilikusaidia. Nikamtazama. Katoka kwenda kununua halwa nyengine.

Leo nimepanda chumbani kwa Shurooq kuweka nguo. Sakafu nyeupe. Kitanda kimetandikwa. Juu ya meza hamna kitu, si kitabu, si chanuo, si zile karatasi za peremende. Miaka yote nimepiga kelele nipate chumba hicho. Nimesimama katikati. Chumba cha mtu aliyekwishaondoka.

Nikavuta droo — ndiyo, nimevuta, Mungu anisamehe — tupu. Begi liko nyuma ya mlango, limevimba.

Jumatano, 21 Januari

Sina cha kuandika. Nimepika mandazi, kala mawili, kasema ahsante mama.

Ahsante mama! Mtoto wangu, kwangu!

Baba Shurooq ananiambia zungumza nae. Nizungumze nini, nimeapa. Nikianza nitasema begi lile lipangwe vizuri nguo nzito chini. Nnajijua.

Ijumaa, 23 Januari

Naandika jikoni, kwa haraka, nimesimama, birika liko motoni. Mahbuba kesha kuja. Yuko majlisini na kaka yake, kavaa vizuri, anapendeza maskini, kamletea Shurooq saa mpya. Mtu mwema. Ndiyo maana inauma.

Alipokaa tu kauliza je, bibi harusi wetu tayari? Nikasema nakwenda kumuangalia. Nimepanda ngazi kwa mikono na miguu.

Juu nikasikia vishindo. Droo, kabati, droo. Kupanga na kufungasha huwezi kuvitofautisha kwa sauti. Nikagonga — mie, nimegonga mlango wa mwanangu! Kasema ingia.

Ya Rabbi! Vitu vyote viko sakafuni. Begi limemwagwa chini, nguo, vitabu, chaja, kamba za nywele. Yuko katikati amekaa, nywele timtim, jasho. Kasema sijui, mama. Nafungasha naona nimesahau kitu, natoa nianze upya. Tangu jana natia natoa.

Mkono wangu ushakwenda kwenye gauni moja. Nikaurudisha. Nikaukalia.

Kasema, huokoti?

Nikasema nimeapa.

Kasema wiki mbili sasa hujaniambia kitu. Chochote. Nimedhani ushakubali niende. Shangazi ndiye anapiga simu kila siku kuuliza nimekula nini, wewe umenyamaza kama umeshanikabidhi.

Mimi! Nakula tende mpaka meno yananiuma, eti nimemkabidhi!

Nikajiuliza niliapa nini hasa. Niliapa kutosema habari za vitu. Habari za yeye sikuapa. Basi nikasema. Sikupanga maneno, yametoka kama yalivyo: mwanangu usiende. Skuli ya huko nzuri, shangazi yako anakupenda, mie nna mdomo mbaya na hautopona wote, labda nusu. Lakini usiende. Ukitaka kwenda nenda, sitokushika. Lakini usiseme sikukwambia.

Kaokota kamba ya nywele moja, anaizungusha kidoleni. Halafu kasema mama, nna kiu, niletee chai ya maziwa, halafu njoo ukae. Usipange. Ukae tu.

Ndiyo nimeshuka. Nachemsha. Sukari nimeimwaga na nimeiacha hapo hapo.

Mahbuba anaita toka majlisini: wifi, mtoto yuko tayari? Nikaingia na chupa ya kahawa. Nikamwambia kunywa kwanza, wifi yangu, ndiyo imetoka motoni. Kwetu mgeni asipotikisa kikombe hajatosheka, na mwenye nyumba hana ruhusa kuacha kumimina. Mahbuba mazungumzo yamemnogea, kikombe kakishika tu.

Nimemimina cha nne. Cha tano atamimina kaka yake; mie napeleka chai juu, na huko juu sijui nitakaa muda gani. Nimempa Baba Shurooq chupa. Nimemwambia kwa macho: huyu asitikise mpaka nishuke.