Namba ya baba kwenye tovuti ya meko

Mwenzangu, mbavu zinaniuma kwa kucheka!

Tumemwonyesha mama tovuti mpya ya biashara ya marehemu baba, ile ya kujenga meko ya kuotea moto sebuleni. Baba mdogo akashikilia namba ya baba ifutwe: "Wateja wampigie nani, malaika?"

Nikabonyeza "Piga simu" nihakikishe ni namba ipi.

Mkoba wa mama ukalia kama mbuzi! Mlio wa simu ya baba ule ule! Baba mdogo akakimbilia nyuma ya pazia. Nyuma ya pazia, mwenzangu!

Mama akapokea, nami niko mbele yake: "Hallo, fundi ametangulia. Ongea na mkewe."

Kumbe mama anaichaji simu hiyo ya baba kila asubuhi.

Pazia likasema: "Basi shemeji, namba ibaki."